Saratani ya ngozi: Mchezo wa karata unaofunza jicho

Ukipanda matatu ya kwenda Kibera au Kawangware, si ajabu ukapata picha ya Bob Marley imebandikwa juu ya kiti cha dereva. Vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaimba nyimbo zake neno kwa neno. Lakini jaribu kuwauliza abiria wenzako ni nini kilichomuua mwanamuziki huyo na utasikia mengi. Mmoja atataja bangi, mwingine atasema aliwekewa sumu na maadui.

Bob Marley aliuawa na saratani ya ngozi. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Alipenda kandanda kupindukia, na mnamo 1977 kidole hicho kilipoumia, ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira tu. Jeraha likakataa kupona. Madaktari walipolichunguza waligundua kuwa ni melanoma, aina ya saratani inayoanzia kwenye chembechembe zinazoipa ngozi rangi yake. Alishauriwa akatwe kidole, naye akakataa. Alifariki mjini Miami, Marekani, Mei 11, 1981, ugonjwa ukiwa umefika kwenye mapafu na ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kisa hiki kinawafaa wakazi wa mitaa yetu kuliko mabango mengi yanayobandikwa kwenye kuta za zahanati. Ndani yake kuna mtu mweusi anayecheza mpira, kuna kidole cha mguu, na kuna kidonda ambacho kila mtu alikuwa na maelezo yake. Katika viwanja vya vumbi vya Kibera vidole huumia kila jioni. Ni nani atakayejua kipi cha kuachwa kipone chenyewe na kipi cha kupelekwa hospitali?

Mtu yeyote anaweza kujua, hata asiyejua kusoma, mradi jicho lake limefunzwa. Na njia nzuri ya kulifunza jicho ni mchezo, wala si hotuba.

Kinga yenye mianya

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaojianika jua ufuoni. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Nchini Marekani, Wazungu hupatwa na melanoma zaidi ya mara 20 wakilinganishwa na watu weusi. Rangi ya ngozi yetu, ambayo wataalamu huiita melanini, hutukinga dhidi ya miale mikali ya jua.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mianya. Nyayo, viganja na ngozi iliyo chini ya kucha hazina melanini nyingi kama sehemu nyingine za mwili, na hapo ndipo melanoma ya mtu mweusi aghalabu huanzia. Isitoshe, jua halionekani kuwa chanzo kikuu cha aina hii. Kofia na mafuta havitaizuia. Kinachobaki ni kuiona mapema, ikiwa bado ni doa dogo ambalo daktari anaweza kulikata na kulimaliza.

Kuiona mapema ndiko kunakotushinda. Huko Marekani, kati ya Wazungu 100 wanaogunduliwa kuwa na melanoma, takriban 94 huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa watu weusi idadi hiyo ni kama 70. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kuchelewa: mgonjwa hakutazama unyayo wake, na alipoutazama akadhani ni sugu, na alipoenda kwa daktari pengine daktari naye akadhani ni sugu.

Melanoma si adui wa pekee. Kuna saratani nyingine ya ngozi inayoota juu ya makovu ya zamani, hasa makovu ya moto, na kwenye donda ndugu lililokaa mguuni miaka nenda miaka rudi. Daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda vya kwenye makovu mwaka wa 1828, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida huchukua muda mrefu sana kujitokeza, wastani wa miaka 30 hivi baada ya mtu kuungua.

Hebu fikiria hayo kwa macho ya mkazi wa Gatwekera au Kabiro. Nyumba ni chumba kimoja. Jiko la mafuta taa liko sakafuni kando ya kitanda, koroboi inaning'inia ukutani, na sufuria ya uji inachemka pale pale mtoto anapochezea. Kila mwaka moto unateketeza safu za nyumba za mabati. Mtoto aliyemwagikiwa na uji akiwa na miaka minne atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku kovu lake litakapoanza kupasuka na kutoa maji. Mama yake aliyemkimbiza hospitali siku ile huenda hayupo tena. Nani atamwambia kwamba kovu na kidonda hicho kipya ni habari moja?

Halafu kuna saratani ya Kaposi, iliyopewa jina la daktari Moritz Kaposi aliyeieleza mjini Vienna mwaka wa 1872. Ilikuwepo Afrika Mashariki hata kabla ya Ukimwi, lakini virusi vya HIV viliipa nguvu mpya. Virusi vinavyoisababisha viligunduliwa mwaka wa 1994. Hujitokeza kama mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi, visivyouma wala kuwasha, miguuni, puani au ndani ya kinywa, na wakati mwingine mguu mzima huvimba. Mgonjwa mwenye HIV anayetumia dawa zake za kupunguza makali ya virusi sawasawa hupunguza sana hatari hii, na wengi walioanza dawa wameona mabaka hayo yakinywea.

Na kuna watu wenye ualbino. Hawa tutawarudia, kwa maana kwao jua ndilo adui hasa.

Namna muuzaji anavyojua noti bandia

Mwaka wa 1985 madaktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha New York walitunga kanuni ya kuwasaidia watu kutambua melanoma. Waliifupisha kwa herufi ABCD. Mtu atazame iwapo doa lina pande zisizolingana, kingo zisizo laini, rangi zaidi ya moja, na upana unaozidi milimita 6. Mnamo 2004 waliongeza herufi ya tano, E, kumaanisha doa linalobadilika. Kanuni hiyo imeenea duniani kote na imesaidia wengi.

Lakini kanuni ni kanuni. Muulize mfanyabiashara yeyote wa soko la Toi jinsi anavyotambua noti bandia. Hatakupa orodha ya herufi tano. Ataishika, ataitazama mara moja, kisha akurudishie. Ameshika maelfu ya noti halali na chache za bandia, na jicho lake limejifunza tofauti ambayo mdomo wake hauwezi kuieleza. Mama mboga naye anajua parachichi litakaloiva Jumamosi bila kusoma kitabu.

Watafiti wa Ufaransa walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2006. Baadhi ya watu wa kawaida walifunzwa kanuni ya ABCD. Wengine walionyeshwa picha tele za melanoma na za madoa yasiyo na madhara, wazilinganishe. Waliofunzwa kwa picha ndio waliofanya vyema zaidi walipotakiwa kutofautisha. Mwandishi wa makala haya haoni ajabu yoyote hapo. Ndivyo kila mmoja wetu alivyojifunza kutofautisha sukuma na mchicha.

Kuna taabu moja tu. Picha nyingi zinazopatikana kwenye vitabu na intaneti ni za ngozi nyeupe, na nyingi ni za mgongo na mabega. Ukiwaletea wakazi wa Kawangware picha hizo utakuwa umewafunza kutambua ugonjwa wa mtu mwingine. Wataalamu wa miguu wa Uingereza waliona upungufu huo, wakapendekeza mwaka wa 2010 kanuni ya nyayo na kucha: doa lenye rangi isiyo ya kawaida, tatizo ambalo hakuna aliyelithibitisha ni nini, doa linalotoka damu, linalokua hata baada ya kutibiwa, au kidonda kisichopona kwa miezi miwili. Ukiona mawili kati ya hayo, nenda ukapimwe. Hiyo inatufaa zaidi.

Michezo si jambo geni hapa

Kufunza afya kwa mchezo hakukuanza leo jijini Nairobi. Katika miaka ya 1990 wachezesha vibaraka wa kundi la CHAPS walikuwa wakikusanya umati na kuuchekesha huku wakizungumzia Ukimwi, jambo ambalo wakati huo lilikuwa gumu kulitamka mbele ya wazee. Mwaka wa 2008 ukaletwa mchezo wa kompyuta uitwao Pamoja Mtaani, uliotengenezwa kwa ufadhili wa Marekani kwa ajili ya vijana wa jiji hili, nao pia ulihusu HIV. Huko magharibi mwa nchi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzao wa KEMRI waliwapa vijana wadogo wa umri wa miaka 11 hadi 14 mchezo wa simu uitwao Tumaini. Katika jaribio la mwaka wa 2017 lililohusisha vijana 60, waliocheza walionyesha maarifa zaidi kuliko wenzao ambao hawakuucheza.

Kompyuta na simu ni vitu vizuri, lakini huharibika, huibwa na huhitaji umeme. Kwa somo la ngozi vipande vya katoni vinatosha. Mahali pa kuchezea pia hapakosekani: vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa na msikiti, shule, na mashirika ambayo tayari yanawakusanya vijana wa Kibera kwa kandanda na masomo, kama vile Carolina for Kibera lililoanzishwa 2001 na SHOFCO lililoanzishwa 2004. Msimamizi naye yupo. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini, ambao kazi yao ni kwenda nyumba hadi nyumba. Mhudumu wa namna hiyo, akiwa na bahasha ya picha na nusu saa ya ziada, anaweza kuuendesha mchezo huu ufuatao.

Kadi thelathini

Tafuta picha 30 za ngozi nyeusi. Muuguzi au daktari wa kliniki ya ngozi ndiye wa kuzitoa au kuzithibitisha, kwa maana kadi yenye jibu lisilo sahihi ni mbaya kuliko kukosa kadi. Usipige picha ya jirani yako. Zibandike kwenye vipande vya katoni, na nyuma ya kila kipande andika jibu.

Ishirini kati ya hizo ziwe za mambo ya kawaida, na kumi ziwe za hatari. Watu wengi wanaotunga mafunzo ya afya hufanya kinyume. Huonyesha maovu matupu, na mwanafunzi anatoka akiogopa kila kipele. Katika maisha, madoa mengi ni salama, na mchezo unapaswa kufanana na maisha.

Kadi za kawaida ni nyingi ajabu. Ile milia myembamba ya rangi ya kahawia kwenye kucha kadhaa, ambayo Waafrika wengi huwa nayo kadiri wanavyokua. Vipele vidogo vyeusi, laini, vinavyotapakaa mashavuni mwa watu wazima na ambavyo mara nyingi huonekana pia kwa mama na nyanya. Kovu lililotuna baada ya kutoboa masikio. Chunjua. Sugu la kisigino cha mtu anayevaa akala. Nukta nyeusi ya funza. Madoa ya kahawia hafifu kwenye nyayo zote mbili, ambayo yamekuwepo tangu mwenyewe akumbuke.

Kadi za hatari zipangwe ziwe jozi na hizo, ndio kusudi jicho lilinganishe. Pembeni ya kucha zenye milia mingi, weka ukucha mmoja wenye mstari mmoja tu, mpana, uliotokea ukubwani na unaozidi kupanuka, hasa kama weusi wake umevuka ukucha na kupaka ngozi ya pembeni. Pembeni ya sugu, weka doa jeusi la unyayoni lenye kingo zilizoparaganyika, sehemu nyeusi tititi na sehemu ya kijivu. Pembeni ya kovu la moto lililotulia, weka kovu lililopasuka na kuota nyama zilizotuna kingoni, zenye kunuka na kutoa damu zikiguswa. Weka pia baka la zambarau kwenye paa la kinywa, na kidonda cha mdomo au sikio la mtu mwenye ualbino, chenye gamba linalobanduka na kurudi.

Wachezaji wawe sita hadi wanane. Kila mmoja apewe vifuniko kumi vya soda, vile vile wanavyotumia wacheza drafti pale stejini. Msimamizi anafunua kadi moja. Wachezaji wana muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha kila mmoja anapaza sauti: “Kawaida!” au “Kliniki!” Kabla jibu halijasomwa, waliotofautiana wapewe dakika mbili za kubishana. Usiwanyamazishe. Mchezo wote uko hapo katika mabishano. Mtu anayejaribu kumshawishi mwenzake kwamba mstari huu ni mpana kuliko ule analazimika kuutazama kweli kweli, na anachokitazama hivyo hakisahau.

Halafu malipo. Aliyesema “Kawaida” mbele ya kadi ya hatari anapoteza vifuniko vitano. Aliyesema “Kliniki” mbele ya kadi salama anapoteza kimoja tu. Hesabu hii ina maana yake. Kumsumbua daktari bure ni hasara ndogo: nauli, nusu siku ya kazi, pengine kukemewa na karani. Kuiacha melanoma ikae miezi sita ni hasara ya maisha. Lakini hata hasara ndogo ni hasara kwa mtu wa kibarua, ndiyo sababu anayepaza “Kliniki!” kwa kila kadi hatashinda. Vifuniko vyake ni kumi na kadi za kawaida ni ishirini. Ataishiwa kabla kadi hazijakwisha.

Rudieni mchezo baada ya mwezi mmoja, kadi zikiwa zimechanganywa upya. Wengi watashangaa walivyokuwa wakibahatisha mara ya kwanza.

Mtu wa chaki

Kadi hufunza kutambua, lakini haziwafunzi watu kujitazama. Kwa hilo kuna mchezo wa pili, wa dakika kumi, ambao hata watoto wa darasa la nne wanauweza. Chora kwa chaki mtu mkubwa sakafuni au kwenye lami, mbele na nyuma, na usisahau kuchora nyayo zake peke yake pembeni, na kucha zote ishirini. Mchezaji arushe kifuniko. Mahali kitakapotua, aseme ni lini alipotazama sehemu hiyo ya mwili wake mara ya mwisho. Kama hakumbuki, anatoka.

Utaona jambo la kuchekesha. Kifuniko kikitua usoni, hakuna anayetoka. Kikitua kwenye unyayo, kati ya vidole vya miguu au nyuma ya sikio, wanatoka mmoja mmoja hadi abaki mshindi mwenye haya. Ukweli ni kwamba tunaosha miguu kila jioni gizani, kwa maji ya beseni moja, na hatuitazami.

Masharti ni mawili. Hakuna anayevua nguo wala viatu mbele ya wenzake. Na hakuna anayemtaja jirani, eti “Baba Fulani ana doa kama hilo.” Baka la Kaposi linaweza kumfichua mtu kwa majirani hata kabla hajajua mwenyewe hali yake. Mwenye swali kuhusu mwili wake amfuate mhudumu pembeni baada ya mchezo. Kwa kawaida huwa yupo mmoja anayejifanya amesahau mwavuli wake.

Kivuli kifupi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwao saratani ya ngozi si jambo la nadra. Ngozi isiyo na melanini huanza kuharibiwa na jua tangu utotoni, na saratani huweza kumpata kijana wa miaka ishirini na kitu, usoni, masikioni, shingoni au midomoni.

Nairobi si mji wenye jua kali kama Mombasa kwa jasho, na hapo ndipo tunapodanganyika. Jiji letu liko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Miale inayochoma ngozi huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hata Julai, watu wakiwa wamejifunika masweta na mawingu yametanda, sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya.

Kwa watoto, mchezo wa kivuli hufunza haya bila kipimo chochote. Kila baada ya saa moja, toka asubuhi hadi alasiri, watoto wawili wawili wapimane vivuli kwa kamba uani mwa shule. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mwenye kivuli, uwanja uko huru. Kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali, na kila mtu akimbilie kwenye kivuli au avae kofia yenye ukingo mpana. Wa mwisho kufika ndiye anayesubiri nje ya mchezo wa kati unaofuata. Baada ya wiki moja, watoto hujua bila kuambiwa kwamba kuanzia saa nne hivi hadi saa tisa hivi, paredi na michezo ya uwanjani si mahali pa mwenzao mwenye ualbino, na si mahali pazuri sana kwao pia.

Mwalimu akumbuke jambo moja. Mtoto mwenye ualbino asisimamishwe mbele ya darasa kuwa mfano. Acheze kama wengine, apime kivuli kama wengine, kofia ivaliwe na wote. Amekwisha kutazamwa vya kutosha huko njiani.

Mzazi wake naye aulize kuhusu mafuta ya kujikinga na jua. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwagawia watu wenye ualbino mafuta hayo kupitia hospitali za umma. Jirani zetu wa Tanzania wamefika mbali katika hili. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka wa 1992 mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, ndiko yalikotoka mafuta ya Kilisun, yaliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Mafuta lakini hayachukui nafasi ya kofia na mikono mirefu. Na kidonda chochote cha usoni au sikioni kwa mtu mwenye ualbino ambacho hakijapona kwa mwezi mmoja kinastahili kuonwa na daktari.

Ukisema “Kliniki”, nenda kliniki

Mchezo unaoishia kwenye mchezo hauna faida. Kabla ya kuanza, msimamizi ajue atakakowatuma watu. Mkazi wa Kawangware anaweza kuanzia kituo cha afya cha Riruta. Wa Kibera yuko karibu na hospitali ya Mbagathi, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali na mitaa yote miwili. Kituo kidogo kitakupa barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi.

Ukifika, usiseme tu “nina kidonda”. Utapewa mafuta na kurudishwa nyumbani. Sema kilianza lini, kimebadilika vipi, umekipaka nini, na kwamba mahali hapo paliungua zamani kama paliungua. Vua viatu na soksi zote mbili ili daktari alinganishe mguu mmoja na mwingine. Kama una rangi ya kucha, itoe nyumbani.

Daktari akishuku, atakata kipande kidogo cha ngozi baada ya kuitia ganzi, na kipande hicho kitapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Hapa ndipo wengi hutoroka. Mitaani inasemekana kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hutawanyika mwilini. Sivyo. Kinachoutawanya ni muda. Walioona jirani akikatwa na kufariki baada ya miezi michache walimwona mtu aliyefika hospitali ugonjwa ukiwa tayari umeshatembea. Bila kipande hicho hakuna daktari awezaye kusema kwa hakika kama ni saratani, wala ni ya aina gani, na kila aina ina matibabu yake.

Kabla hujatoka kwenye chumba hicho, uliza majibu yatakuwa tayari tarehe gani, yatachukuliwa dirisha lipi, na nambari ya faili yako ni ipi. Andika yote matatu kwenye simu, na umpe mtu mmoja wa nyumbani nakala. Majibu yakichelewa, rudi ukaulize. Kipande cha ngozi kilicholala maabara bila mwenyewe kukifuata hakimsaidii mtu.